Ukurasa Ulioinama

Miaka ishirini na sita nimeandika ukutani:
SALUNI YA KIUME. CHIPSI KUKU. USIKOJOE HAPA.
Toka Buguruni Malapa mpaka Tandika,
ukiona herufi yenye mkia uliokunjwa kidogo
kama wa paka aliyeshiba, ujue ni Shomvi,
brashi namba sita na kopo la mafuta ya taa.

Sasa nina tovuti.
Niliijenga mwenyewe, usiku, kwa bando la ofa:
manjano chini, nyekundu juu,
aina saba za herufi, kila moja imejifanya bibi harusi,
na jina langu likipita mbio kulia kwenda kushoto
kama mtu anayedaiwa kodi.

Tunu wa nyumba ya pili, yuko chuo Kijitonyama,
aliitazama kwenye simu yangu yenye ufa.
Hakucheka. Afadhali angecheka.
"Mjomba, ukutani nako unaandika hivi?"

Tukaanza upya, Jumamosi kwa Jumamosi,
juu ya meza ya cherehani ya mke wangu.

Kila kinachofunguliwa kifungwe, anasema.
Mimi nikalaza neno moja, nikasahau kufunga,
ukurasa mzima ukainama, hadi namba ya simu,
kama uzio wa mabati baada ya mvua ya Aprili.
Tulisaka kosa mpaka adhana ya alasiri.
Mkwaju mmoja tu.
Si ule wa juisi: kijistari cha mshazari,
chembamba kuliko unywele wa brashi.

Nyekundu nayo haiitwi nyekundu.
Ina namba, kama gari.
Na ile yangu, nikauliza, yenye tone la nyeusi
na nusu saa ya kukoroga?
Akasogeza kidoti kushoto, chini, chini tena,
ikajitokeza. Nikaitambua
kama unavyomtambua ndugu yako stendi kwa mwendo wake.
Namba yake nimeiandika nyuma ya daftari la madeni.

Picha zina uzito, hilo sikulijua.
Zangu zilikuwa magunia ya mkaa.
Mteja wa Mbagala anangoja, bando linayeyuka,
anachoona ni kiduara kinachozunguka.

Kwenye nafasi tupu tuligombana.
Ulipie ukuta mzima, kisha uuache mweupe?
Mteja gani wa Temeke atakubali?
Tunu akanyamaza, akanionyesha picha zangu mwenyewe:
kila ukuta, kila pembe, shubiri moja sikuigusa.
Nilikuwa naiacha tu. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Halafu akasema kila picha ipewe maneno,
yasomwe na simu kwa sauti, kwa asiyeona.
Nikaandika upesi upesi: saluni. Gereji. Bucha.
Nikafika kwenye duka la Mama Seba, Kimara,
ukuta uliovunjwa, barabara ikapita juu yake.
Pale nilikuwa na Kibwana. Mimi herufi, yeye vivuli.
Sukari imemla macho, mwaka wa nne huu.

Nilikaa na sanduku lile dogo la maneno
mpaka chai ikapoa.
*Ukuta wa bluu. LEO FEDHA KESHO MKOPO.
Herufi nyeupe, kivuli cheusi upande wa kulia,
kimenyooka, kazi ya Kibwana Mlanzi.
Ngazi imesahaulika kwenye picha.*

Jioni mwanawe akamwekea simu sikioni.
Kimya kirefu. Nikasikia feni ya kwao.
Kisha: "Shomvi, muongo wewe.
Kivuli kilikuwa kushoto. Jua la duka lile
lilitoka upande wa mashine ya kusaga."

Nikakuza picha. Kweli, kushoto.
Nimerekebisha, nimefunga nilichofungua.
Kuhusu rangi ya kitufe,
mimi na Tunu bado hatusemezani.